Nimekataliwa kazi saa tisa usiku, na aliyenikataa hayupo

Bahasha ya Kaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa stoo na ugavi, umri miaka 36, nipo Mwanza. Mradi niliokuwa nafanyia kazi ulifungwa mwezi wa tatu, na tangu hapo natuma maombi. Yamefika arobaini na kitu. Nayaandika kwenye daftari, tarehe na nafasi, maana mama watoto akiuliza "wiki hii umeomba wapi" inabidi niwe na ushahidi.

Wiki iliyopita kampuni moja, jina naliacha, ikaniita usaili. Nikapeleka suruali kwa fundi aipunguze kiuno, maana hali imenipunguza na mimi. Kumbe usaili wenyewe ni kiungo unabonyeza kwenye simu. Kamera inawaka, unajiona mwenyewe. Swali linatokea kwa maandishi, unapewa sekunde thelathini za kufikiri, halafu saa inaanza kuhesabu kutoka tisini kurudi chini huku unaongea. Hakuna anayetikisa kichwa. Hakuna wa kusema "ehe". Ukikosea huwezi kusema samahani naomba nirudie, utamwomba nani?

Swali la nne jogoo wa jirani akawika dirishani. Nikacheka, maana mbele ya jopo la watu tungecheka wote na mambo yakaendelea. Nilicheka peke yangu. Nikipiga hesabu, sekunde kumi na moja ziliondoka na jogoo.

Jibu lilikuja usiku uliofuata, saa 9:12. "Baada ya kuupitia wasifu wako kwa makini tumeamua kuendelea na waombaji wengine." Saa tisa ya usiku alikuwa macho nani, akipitia wasifu wangu kwa makini? Chini kabisa wameandika: tafadhali usijibu ujumbe huu.

Mwaka 2011 nilipomaliza chuo nilitembeza bahasha ya kaki Nyakato yote, kiwanda kwa kiwanda. Nilikataliwa sana kuliko sasa. Lakini walionikataa nawakumbuka kwa sura. Kuna mlinzi wa kiwanda cha samaki aliichukua bahasha, akasoma jina, akanirudishia: "Dogo, hawa hawachukui watu mpaka Septemba, okoa nauli yako." Kuna katibu muhtasi aliniambia barua yangu nimemwandikia "Bwana Meneja" wakati meneja ni mama. Akanipa kalamu na karatasi nikaandika upya pale pale kwenye benchi. Nayo hiyo kazi sikupata.

Sijaja kulilia kazi hapa. Ninachouliza ni kimoja: mtu akikataliwa namna hii, wa kumuuliza kwa nini ni nani? Nawasilisha.

Kiti cha Mbele

Siti ya mbele kabisa, karanga mkononi.

Ngosha wa Makoroboi

Pole mkuu. Saa tisa usiku hata wanga wameshamaliza mizunguko yao wamelala, kumbe HR, watu wa ajira, bado wanapitia wasifu kwa makini.

Mkoba Mtupu

Mimi nitakuwa mtu mbaya kwenye uzi huu. Huo utu mnaoulilia ndio uliotufikisha hapa. Mlinzi alikuonea huruma wewe, mimi mlinzi aliniuliza "umetumwa na nani?" Nikasema sijatumwa na mtu. Geti likafungwa. Baba yangu ni mvuvi Kilwa Kivinje, hana shemeji wizarani wala rafiki benki. Nimeshafanya usaili nikatoka najua nimefanya vizuri, nikakuta nje kijana anapigiwa simu na mtu aliyemo ndani ya chumba cha usaili, anaambiwa "usiwe na wasiwasi".

Na mnakumbuka Juni 2014, usaili wa Uhamiaji pale Uwanja wa Taifa? Watu zaidi ya elfu kumi, nafasi 70, wamekaa majukwaani kama wanasubiri Simba na Yanga. Ule ulikuwa usaili wa watu na watu. Nani aliangaliwa usoni pale?

Mashine haijui mjomba wa mtu. Mimi acha inikatae.

Bahasha ya Kaki

Mkuu Mkoba, hapo sina la kukupinga. Ila kimemo cha mkubwa cha kumpigia mtu debe kina mwandiko. Ukikikamata unaweza kukipeleka kwa mkubwa, au kwa mwandishi wa habari, ukasema huyu hapa. Mimi huo ujumbe wa saa tisa niupeleke kwa nani?

Msimbo

Pole mkuu. Mimi natengeneza mifumo ya aina hii (si huo uliokukata), niko Dodoma, kwa hiyo ngoja nipunguze ushirikina kidogo.

Ile takwimu inayozunguka kwenye magrupu kwamba asilimia 75 ya CV zinatupwa na mashine kabla mtu hajaziona, haina utafiti nyuma yake. Wanaoipenda ni wauza huduma ya kuandika CV. Mifumo mingi ya kupokea maombi inafanya kazi ya karani tu: inapokea faili, inalipasua vipande, jina huku, elimu kule, kazi ya mwisho pale, inapanga kwenye jedwali ili HR atafute.

Shida inaanzia kwenye kupasua. Zile CV za kupendeza zenye safu mbili, picha na nyota za kuonyesha unajua Kiingereza kiasi gani, mfumo unaweza kuzisoma kwa kukatisha kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia. "Msimamizi wa stoo" ikaungana na "kusikiliza muziki". Namba ya simu ukiibandika kule juu kabisa kwenye kichwa cha ukurasa, mifumo mingine haiioni. Na ile tabia ya kupiga CV picha kwa simu kisha unaigeuza PDF: kwa mfumo usioweza kusoma picha umetuma karatasi nyeupe.

Kinachokata watu wengi kabisa ni kitu cha kizamani, yale maswali ya ndiyo na hapana mwanzoni. Una shahada? Una uzoefu wa miaka mitano? Uko tayari kuhamia Mtwara? Hapana moja, umetoka. Hakuna akili mnemba (AI) yoyote hapo. Ni sharti ambalo binadamu aliliweka Jumatatu moja asubuhi akaenda kunywa chai, akalisahau.

Aina ya pili ndiyo ya kuogopa, ile inayompa mtu alama. Amazon walianza kuunda ya kwao 2014, wakailisha maombi waliyopokea kwa miaka kumi. Kwa kuwa wengi kwenye hayo maombi walikuwa wanaume, mashine ikajifunza kuwa mtu wa kazi ni mwanaume. CV ikiwa na neno "wanawake", tuseme nahodha wa klabu ya chesi ya wanawake, ikashushwa alama. Walishtuka 2015, wakarekebisha hapa na pale, mwisho wakaivunja timu nzima. Reuters ndio walioianika habari hiyo Oktoba 2018. Hakuna aliyeiambia mashine ichukie wanawake. Iliangalia walivyoajiri wenyewe, ikaiga.

Mkoba Mtupu, hilo ni lako pia. Unasema mashine haijui mjomba wa mtu. Ukiilisha majina ya watu walioajiriwa kwa mjomba miaka kumi, itamjua mjomba vizuri kuliko wewe, na haitakuwa na aibu.

Kuhusu video: HireVue, kampuni kubwa ya Marekani kwenye biashara hiyo, ilikuwa inachambua mpaka sura ya mwombaji. Walisemwa sana, Januari 2021 wakatangaza wameacha ya sura. Maneno uliyosema bado yanapimwa. Kwa hiyo jogoo hakukuponza. Pengine.

Kiti cha Mbele

"Pengine" 😂😂

Mama Wawili

Naomba nami niseme, sijazoea kuandika hapa.

Mimi ni muuguzi. Mwaka 2021 niliacha kazi kumuuguza mama yangu, alipata kiharusi, upande wa kulia wote. Aliishi miaka miwili na miezi minne. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili, hakupata kidonda cha mgongo hata kimoja. Wanaojua uuguzi wanajua hiyo ni kazi gani.

Nilipoanza kuomba tena, kuna fomu moja ya mtandaoni ilinigomea kwenye miaka ile. Inataka nieleze pengo. Unafungua, inakupa machaguo: masomo, uzazi, ugonjwa wako mwenyewe, nyinginezo. Nikachagua nyinginezo. Haikunipa mahali pa kuandika. Dakika chache nikajibiwa sikukidhi vigezo.

Muuguzi aliyekuwa anauguza, mfumo unasema hakuwa kazini.

Ngosha wa Makoroboi

Dada yangu, Mungu akulipe kwa ya mama. Hapo sina utani.

Msimbo

Mama Wawili, hilo linajulikana. Harvard Business School pamoja na Accenture walitoa ripoti 2021 kuhusu wafanyakazi wanaofichwa na mifumo, watu wanaofaa lakini hawaonekani. Sababu moja kubwa ni hiyo: waajiri wameweka kwamba mtu akiwa na pengo la zaidi ya miezi sita anatolewa, bila kuulizwa lilikuwa la nini. Na kwa uuguzi kulikuwa na kichekesho, hospitali zinatafuta kwenye CV maneno "kuandika programu za kompyuta", wakati walichotaka ni mtu wa kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Aliyeandika tangazo hakumuuliza matroni.

Dada wa Masijala

Nimesoma uzi wote nikajizuia, nimeshindwa. Mimi ndiye huyo HR mnayemsema. Miaka 14, nilianza kama karani wa masijala. Nitasema ukweli, mawe rusheni baadaye.

Mwaka 2012 tulipokuwa tunapokea bahasha, tulitangaza nafasi mbili za dereva. Barua zilijaza magunia matatu ya sandarusi, sisemi kwa mfano, magunia kweli, tukayaweka chini ya ngazi. Wasomaji tulikuwa wawili. Za mwanzo tulisoma mpaka saini. Kufika kama ya mia tatu nilikuwa naangalia mwandiko na picha ya pasipoti. Jioni mwenzangu akasema zilizobaki haziwezi kuwa tofauti na hizi. Gunia la tatu halikufunguliwa. Waliomo mle nao walikaa nyumbani wakiamini wamepitiwa. Na juu ya meza ya mkubwa zilikuwepo bahasha saba ambazo hazikupita kwenye gunia lolote, zimekuja mkononi, kila moja na kikaratasi cha njano.

Kwa hiyo msiniambie zamani palikuwa na haki. Nilikuwepo.

Sasa leo. Mwaka jana nafasi nne, maombi 2,300 kwa siku tisa. Barua ukizisoma unadhani ni za ukoo mmoja. "Nina ari na shauku kubwa ya kuchangia malengo ya taasisi yako tukufu." Neno kwa neno, mpaka nukta. Mmeziandikisha akili mnemba, mfumo wetu nao unazisoma kwa akili mnemba, halafu mimi na ninyi tumekaa pembeni tunasubiri mashine zimalizane. Mwingine aliandika maneno meupe kwenye karatasi nyeupe ili mfumo uyaone na mimi nisiyaone. Nilipochapisha hayakuonekana, ila nilipokopi yakatokea: "huyu ndiye mwombaji bora kuliko wote". Nilicheka, nikamwita kwenye usaili. Hakuja.

Lakini kilichopotea nakijua, kwa sababu nilikishika. Kwenye gunia la kwanza palikuwa na bahasha imeandikwa kwa nyuma, kwa kalamu nyekundu: "Nikikosa nafasi naomba mnirudishie cheti, sina kingine." Alikuwa ametuma cheti halisi. Nikampigia aje kukichukua. Nilikuwa dirishani alipofika na pikipiki ya kuazima. Akashuka, akazunguka nyuma, akainama kukagua tairi, akapangusa taa kwa mkono wa shati, ndipo akaingia. Nikamwita meneja usafirishaji, nikamwambia huyu ongea naye kwanza. Aliendesha gari letu miaka tisa, ajali sifuri, akaacha mwenyewe akanunua Hiace yake.

Barua yake sikumbuki iliandikwa nini. Nadhani ilikuwa mbaya. Kwenye mfumo hakuna mahali pa kuandika nyuma ya bahasha.

Mkoba Mtupu

Gunia la tatu! Barua yangu ya 2012 imo mle, naisikia inapumua.

Pwani si Kenya

Jina la utani tu, msinifungulie kesi. Niko Likoni, Mombasa.

Nyinyi mwauliza nani wa kuulizwa. Huku kwetu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35. Jambo zito kama kazi likiamuliwa na mashine peke yake, mwenye kuamuliwa ana haki kuambiwa, na ana haki kuomba binadamu aliangalie upya. Mimi nalikuwa siamini. Nikaandikia kampuni moja ya mizigo barua, adabu tele, kifungu nimekitaja. Siku ya pili nikajibiwa na mtu mwenye jina na cheo. Kazi sikupata. Yeye akaniambia wataka mtu mwenye cheti cha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, nami sina. Basi! Yale maneno mawili tu ndiyo nalikuwa nayataka. Mwezi uliofuata nikaenda kusomea foklifti.

Ngosha wa Makoroboi

Na huku kwetu je? Au ndio mpaka tuvuke Horohoro?

Msimbo

Ipo mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Nayo inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee. Tatizo ni kwamba kuidai lazima kwanza ujue uliamuliwa na mtambo, na waajiri hawasemi.

Haki niseme pia, kwenye ajira za serikali Sekretarieti ya Ajira ni mfumo wa mtandaoni lakini bado unaitwa: mtihani wa mchujo kwenye ukumbi, wa vitendo kama kada inahitaji, halafu unakaa mbele ya jopo. Wanakukagulia vyeti halisi mkononi. Hati ya matokeo hawataki, na majina yakipishana herufi moja lete kiapo.

Kiti cha Mbele

"Wasisite kuomba kwa mara nyingine pindi nafasi zitakapotangazwa." Hii sentensi ya matangazo ya Sekretarieti naijua kwa moyo kuliko wimbo wa taifa.

Mkulima Ohio

Salaam kutoka Columbus. Sina shamba, ni jina tu.

Huku watu wameshafika mahakamani. Derek Mobley, Mmarekani mweusi aliyepita miaka 40, anasema aliomba kazi zaidi ya mia moja kwenye kampuni mbalimbali, zote zikipokea maombi kwa mfumo wa Workday, na zote akakataliwa. Moja alituma usiku wa manane, akajibiwa hapana kabla ya saa moja kuisha. Ni kama wewe mkuu Bahasha: nani alikuwa macho? Februari 2023 akawashtaki Workday wenyewe, waliouza mfumo, na si waajiri. Workday wanakana, wanasema mwenye kuamua ni mwajiri. Ila Mei 2025 jaji aliruhusu madai ya umri yaendelee kwa niaba ya watu wengine wa miaka 40 na zaidi.

Na kuna ya iTutorGroup, waliokuwa wanatafuta walimu wa Kiingereza wa kufundisha mtandaoni. Programu yao ilipangwa ikatae mwanamke wa miaka 55 kwenda juu na mwanaume wa 60 kwenda juu. Mwombaji mmoja alikataliwa, akarudia maombi yaleyale, akabadili tarehe ya kuzaliwa tu. Akaitwa. Agosti 2023 walikubali kulipa dola 365,000. Angalieni hapo: mashine ilifanya ilichoagizwa na mtu, na iliyoumbua ni hila ya mtu.

Mimi lakini nina jambo la upande wa pili. Kazi yangu ya ghala huku niliipata bila kuongea na kiumbe yeyote. Niliomba kwenye simu, nikajibu maswali kwenye simu, nikatumiwa siku ya kuanza kwenye simu. Nilipaswa kufurahi. Usiku ule sikulala, nilihisi kama kuna kosa limetokea na asubuhi wataligundua. Nimefika, kijana mmoja akanipa fulana, akaangalia beji akaniuliza jina langu linatamkwaje. Wallahi nilitaka kumkumbatia.

Steshenari ya Mbezi

Ninyi mnaongea mambo ya mahakama, mimi naomba kuwakilisha binadamu aliyebaki kwenye hii biashara. Ni mimi. Nina steshenari Mbezi, kompyuta mbili na printa moja inayokohoa.

Mnadhani hawa waombaji wanaomba wenyewe? Mtu anakuja na vyeti kwenye mfuko wa rambo, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ameiandika kiganjani. Anakaa pembeni yangu, mimi najaza. Barua pepe hana, namfungulia. Nywila anasema weka yoyote, naweka, naandika kwenye daftari langu. Nina watu sitini na tatu kwenye lile daftari. Wakiitwa usaili, ujumbe unakuja kwangu maana barua pepe niliifungua mimi, na simu aliyoandika ni ya dada yake. Naanza kumtafuta. Juzi nimempata kijana kwa kumtumia bodaboda mpaka machimbo ya mchanga, usaili ulikuwa kesho yake Dodoma.

Mfumo ukiuliza "eleza kwa maneno yako kwa nini unafaa", ananiangalia mimi. Namwambia niambie basi ulifanya nini kazi ya mwisho. Ananieleza, dakika ishirini, mambo ya kutosha kabisa: jinsi alivyozuia mafuta yasiibwe, jinsi alivyogombana na supavaiza kwa haki. Najaribu kuyaandika, sehemu ina herufi mia tano. Ule usaili ameshaufanya, ila ameufanya kwangu. Natoza buku mbili.

Shida mpya ni matapeli. Siku hizi mteja akipigiwa na namba asiyoijua akaambiwa habari ya kazi, anakata. Wameshalizwa sana na ile "tuma hela ya fomu kwenye namba hii". Kwa hiyo hata mimi nikitaka kuwaita inabidi nianze na "ni mimi wa steshenari, yule mwenye printa mbovu".

Mama Wawili

Kaka wa steshenari nitakutafuta. Mbezi ipi, ya Kimara au ya Beach?

Steshenari ya Mbezi

Ya Kimara, ukishuka stendi ya Magufuli uliza tu. Wewe sikutozi.

Bahasha ya Kaki

Dada wa Masijala, nina swali moja. Gunia la tatu lilikuwa chini ya ngazi, mtu angeweza kulifungua. Hao wanaoenguliwa na mfumo wako wanakwenda wapi? Wanafutwa?

Dada wa Masijala

Hawafutwi. Kuna kichupo pembeni kimeandikwa "wasiokidhi". Sijawahi kukibonyeza.

Bahasha ya Kaki

Sawa dada. Nilitaka kujua tu.

Ngosha wa Makoroboi

Hapo kwenye "nilitaka kujua tu" Msukuma mwenzangu kambana dada kwa upole.

Dada wa Masijala (siku tatu baadaye)

Nimerudi.

Jana baada ya saa za kazi nilikibonyeza. Nafasi ya msimamizi wa ghala, walioenguliwa 611. Nilikaa mpaka mlinzi akapanda kuuliza kama niko salama.

Wengi waliondolewa kwa haki, kuna mmoja ni MC wa harusi na hana habari na ghala. Ila lile swali la "una uzoefu wa miaka mitatu au zaidi" niliweka mimi mwenyewe, naikumbuka na siku. Nimekuta tisa waliojibu hapana, nikifungua CV nakuta miaka miwili na miezi kumi, miwili na kumi na moja. Walijibu hapana kwa kuwa ni wakweli. Na yupo mmoja mwenye mwaka mmoja na nusu aliyebonyeza ndiyo, huyo alipita, nilimsaili wiki iliyopita na nikampa maji.

Leo saa nne asubuhi nimeanza kuwapigia wale tisa. Wa kwanza nimemtajia jina langu na ofisi. Akaniuliza, "Hela ya fomu bei gani?" Nikamwambia hakuna hela yoyote. Akasema, "Dada, tafuta kazi ya halali," akakata. Nimerudia, hapokei. Wa pili ameshanizuia.

Wa tatu ni mama, sauti ya mtu mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kama kweli niko ofisini niwashe video. Nimewasha. Akasema hapana, geuza kamera, nionyeshe dirishani. Nimemwonyesha dirisha, nimemwonyesha uwanja na magari, mlinzi getini akapunga mkono bila kujua anampungia nani. Akakaa kimya kidogo.

"Haya," akasema, "sasa niulize maswali yako."